Mama Mkwe na Dawa ya Kupayuka

Hospitalini walimwita Bwana Lala, kwa sababu kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kuwalaza wagonjwa kabla ya upasuaji. Alikuwa mwembamba, mpole, na alipiga miayo kuwashinda wagonjwa wenyewe.

Mwaka huo daktari wa kina mama alimtaka alinganishe dawa mbili za usingizi za kuchoma kwenye mshipa, kwa wanawake wanaofanyiwa shughuli za dakika kumi tu, kama kusafisha kizazi. Ketamini ilikuwa dawa ya siku nyingi: mgonjwa anapumua vizuri, ila akianza kuzinduka anapayuka. Propofo, nyeupe kama maziwa, humwacha mgonjwa azinduke upesi na akili zake timamu, ila pumzi na presha vinaweza kushuka, kwa hiyo anayemlaza hapepesi macho. Wagonjwa walielezwa, wakakubali, wakapewa kwa zamu, huyu ketamini, anayefuata propofo. Bwana Lala akawa anaandika daftarini: "Namba saba, ketamini: amemchumbia daktari. Namba kumi na moja, ketamini: anasema yeye ni jokofu, tumfunge mlango."

Namba kumi na tisa alikuwa mama mkwe wake, aliyekuja kuchukuliwa kipimo cha kizazi. Bwana Lala alitaka kumwachia mwenzake.

"Nilazwe na mgeni na mkwe wangu yupo?" mama aling'aka. "Thubutu!"

Zamu ikaangukia ketamini.

Kipimo kilikwenda salama. Dawa ilipoanza kuisha, mama akainua kidole hewani.

"Huyu mwembamba," alitangaza, "siku ya posa nilimkataa. Mimi nilimtaka fundi saa!"

Manesi wakageukia ukutani, mabega yakiwatetemeka.

"Lakini fundi saa alichelewa kila mahali. Huyu ananipigia simu kila Ijumaa kuniuliza miguu inaendeleaje. Wanangu wa kuwazaa hawaniulizi miguu! Nampenda, ila msimwambie. Atavimba kichwa."

Nusu saa baadaye akili zilimrudia.

"Nimesema kitu?"

"Hapana, mama. Umelala kama mtoto mchanga."

"Mbona macho mekundu?"

"Vitunguu, mama."

"Humu chumba cha upasuaji?"

Bwana Lala akajifanya anaandika. Akaandika kweli: "Amezungumza. Mambo ya familia."

Majibu ya mama yalitoka safi. Na baada ya wagonjwa sitini, daktari aliamua wajaribu kuchanganya, kidogo cha hii na kidogo cha ile. Pumzi zikatulia, kupayuka kukapungua. Walionuna ni manesi tu, wakidai kazi imepooza.