Fundo la Kanga Kiunoni mwa Mama

Juzi nilipita Temeke, pale ilipokuwa nyumba yetu ya udongo na makuti, nikakuta duka la simu. Nikasimama kama mjinga, natafuta harufu ya vitumbua. Usinicheke, mwenzangu. Mtu mzima naye ana vyake.

Enzi hizo za Mwingereza, mama alikaanga vitumbua barazani kila asubuhi, akiwauzia watu wa bandarini waliopita kwa miguu. Dada yangu alikuwa na kifafa. Ili asije akaangukia motoni, mama alimfunga mkono kwa kanga kuukuu, na ncha ya pili akaifunga kiunoni mwake upande wa kulia, kwa urefu usiofika kwenye mafiga. Mimi nilitumwa kisimani. Nikirudi na ndoo kichwani nawakuta wamefungwa pamoja, dada anatafuna kitumbua cha kwanza, kile chenye ukingo mkavu mtamu. Roho iliniuma, nakwambia. Nilikitamani kifafa kama wenzangu walivyotamani viatu.

Yale mengine sikuyajali. Dada akianguka, majirani waliondoa vikombe vyao wakiogopa povu. Mama alimshika mpaka kimpite, kisha akaenda uani kusugua masufuria yaliyokwisha kutakata. Bibi alituzuia tusimfuate. "Mwacheni. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Asubuhi moja nikaamua. Niliweka ndoo chini vizuri, nikajiangusha, macho juu, mate mdomoni. Mama alitupa upawa akanijia mbio, dada akiburutwa nyuma yake. Akanipakata.

"Na huyu pia, Mola wangu? Na huyu pia?"

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Halafu akatazama mahali nilipoangukia.

"Mwenzio haangukii mkekani," alisema.

Bibi alikwenda kutafuta fimbo, mama akamkataza. Kesho yake alinifunga na mimi, upande wa kushoto. Kitumbua cha kwanza nilikipata. Jua lilipopanda wenzangu walianza kucheza rede njiani, na kila nikivuta, fundo linanirudisha. Nikaangua kilio nifunguliwe. Dada alinigeukia.

"Wewe utafunguliwa," alisema, tena bila ubaya wowote.

Kumbe siku zote naye alikuwa akiihusudu ndoo yangu. Adhuhuri nikafunguliwa, nikakimbia bila kugeuka.

Dada alitutoka masika yaliyofuata. Mama aliendelea kukaanga, ameinamia kulia kama mtu anayevutwa. Nikawa nasimama upande ule makusudi, mkono nimeunyoosha tayari. Alinisogeza taratibu.

"Nipishe, mwanangu. Hapo pana mtu."

Sasa mama naye hayupo, wala baraza, wala makuti. Lakini juzi, mbele ya duka lile, nilikumbuka mafiga yalipokuwa, nikasogea hatua mbili kulia nikasimama hapo, bado namwonea wivu dada yangu.