Mama Yake Ameshajua?

Mwalimu amefariki. Kaka yake alinipigia mchana kutoka hospitalini Ruangwa, akaniambia dada amepumzika, kisha akaniomba: "Ndugu yangu, usiandike popote kwanza. Mama yuko Naipingo, hajui. Ndo nawasha pikipiki nimfuate." Ninyi wasomaji wangu mnanijua, sina breki ya mdomo, lakini siku hiyo sikuandika neno. Barabara ya Nachingwea hadi huko Naipingo ni ndefu, na jirani yeyote mwenye simu janja angeweza kumwingilia yule mama na "pole" kabla mwanawe hajafika.

Hofu hiyo niliirithi kwa marehemu mwenyewe. Alifundisha uraia sekondari, na somo lake kubwa halikuwahi kutoka kwenye mtihani. Lilianza siku shimo la dhahabu lilipotitia Namungo. Mwanafunzi wake mmoja alikuwa kule likizo, akapiga picha ya maiti iliyofunikwa kanga, akairusha kwenye magrupu. "Madamu, mbona sura haionekani?" alijitetea. Sura haikuonekana kweli, ila pindo la kanga lilionekana, na lilikuwa na alama ya kuunguzwa na pasi. Picha ilimfikia mama mmoja wa Nachingwea, akaitambua ile kanga: ndiyo aliyompa mwanawe ajifunikie machimboni. Alianguka palepale sokoni, kiharusi. Mwanawe alikuwa mzima. Alikuwa ameitoa kanga yake kumsitiri mwenzake, na leo yeye ndiye anayemlisha mama uji, kwa kijiko.

Mwalimu hakumchapa mpiga picha. Alimpeleka akamwone yule mama, wakakaa naye, wakarudi. Tangu hapo, kila shule ilipokaribia kufungwa, aliwaambia wanafunzi: "Simu hapa ni marufuku, ila najua mnakwenda kushika za kaka zenu. Kabla hujatuma jambo la mtu, jiulize: mama yake ameshajua?" Wao wakaligeuza utani. Mtu akifeli jaribio, wenzake walimuuliza hivyo hivyo huku wakicheka, naye Mwalimu akicheka nao. Mimi nilidhani limeishia kwenye utani.

Basi mchana ule, kwenye grupu la waliosoma shuleni kwake, nikaona mtu ameandika: "Jamani, Madamu wetu..." Mara chini yake mwingine akauliza: "Mama yake ameshajua?" Ujumbe wa kwanza ukafutwa. Hakuna aliyeandika tena. Hata hivyo sikutulia, maana sikujua nani alikuwa ameshausoma, na nani ana shangazi Naipingo. Kidole kimoja kinatosha kumwangusha mzazi, na hicho kidole huwa ni cha mtu mwema mwenye huzuni ya kweli, kama changu. Hofu hii naomba isinitoke, na nawaombea ninyi iwapate.

Jioni kaka yake Mwalimu alipiga. Alimkuta mama anapepeta ufuta, akamshika mikono ndipo akamwambia. Nyuma yake nilisikia kilio.

"Sasa andika," akasema. "Mama ameshajua."