Mishono ya Mkono Mwingine

Ishbel Rankine alishona kilti, zile sketi za mikunjo za wanaume, kwa miaka thelathini na tisa, na muda wote huo mumewe, Murdo, hakuvaa hata moja isipokuwa kwenye harusi. Alikuwa fundi umeme. Alisema sketi ya sufu, hata iwe ya babu zetu, ni nguo ya watu wasiopanda ngazi.

Kisha akastaafu. Ishbel akamshonea ya kwake, yadi nane za kitambaa cha kijani na bluu, mwezi mzima kwa mkono. Murdo akaivaa Jumatatu moja kwenda kununua maziwa, na suruali zake zikabaki kabatini tangu siku hiyo.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba chao cha juu, hapa kwenye mji wa bandari wa Oban, nikifanya kazi maktaba. Kila Jumamosi walinichukua kwenda kula samaki na chipsi gatini, nami nilikubali kwa sababu sikujua namna ya kukataa. Tulikaa kwenye benchi, Ishbel katikati, mkono mmoja juu ya chipsi zake ili shakwe wasizichukue. Feri ilipofika, wageni walishuka, wakamwona Murdo, na mambo yakaanza.

"Samahani mzee, tupige picha na wewe?"

"Pigeni, magoti hayalipiwi."

"Na ndani umevaa nini?" Kila mara lazima atokee wa kuuliza, na kwa kawaida ni mwanamke.

"Ndani kuna mzee wa miaka sitini na sita, dada. Usimwamshe."

Wakacheka, wakamshika mkono, mmoja akalaza kichwa begani kwake. Kisha yule aliyebaki akamgeukia Ishbel na kumpa simu. "Mama, utatupigia?"

Ishbel alipiga. Kila Jumamosi alipiga. Nadhani katika nyumba nyingi za nchi za mbali kuna picha ya Murdo akicheka, na hakuna hata moja yenye mwanamke aliyeihesabu ile mikunjo ya nyuma ya kilti, akaipanga mpaka mistari ya kitambaa ikakutana kana kwamba haikukunjwa kabisa.

"Nyumbani ananiambia nini?" aliniuliza siku moja tukiosha vyombo. "Ananiambia, 'Chai ipo?' Hayo ndiyo mazungumzo yetu. Utani wote unaishia gatini kwa wanawake wenye mabegi."

Nilikausha sahani moja mara mbili.

Mwezi wa tatu Murdo alikwenda Glasgow kumzika fundi mwenzake wa zamani. Alirudi jioni ya siku ya pili, akaitundika kilti mwenyewe, jambo asilolifanya kamwe. Alhamisi Ishbel aliishusha ili kuipiga brashi. Nilikuwa jikoni na kitabu changu nilipomsikia ameacha kupiga brashi. Alikuwa ameipeleka dirishani na amevaa miwani.

"Njoo hapa," aliniambia. "Unaona nini?"

Niliona mkanda mdogo wa ngozi wa kiunoni, ule wa kufungia.

"Huu si mkono wangu. Mimi namaliza kwa mishono mitatu, mmoja juu ya mwingine. Huyu amemaliza kwa minne, na imelalia kushoto." Alivua miwani. "Anayemaliza hivi ni mmoja tu. Nilimfundisha mimi mwenyewe na nikachoka kumkataza."

Alimaanisha Greer Laidlaw, mwenye duka la ushonaji karibu na stesheni, mwanamke wa miaka thelathini na nane aliyeachana na mumewe na anayecheka mpaka asikike ng'ambo ya barabara.

Murdo aliporudi, viazi vilikuwa mezani na kilti ilikuwa juu ya kiti chake.

"Nikae wapi?" aliuliza.

"Kwa Greer. Huko si umezoea?"

Murdo aliona pale Ishbel alipoweka kidole, juu ya ule mkanda. Hakujifanya haelewi.

"Ishbel, ni mkanda tu."

"Uliivua wapi akaushona? Ulikaa dukani kwake na nini, na taulo?"

"Nyuma ya pazia. Na koti."

"Miaka thelathini na tisa! Mji mzima unaniletea nguo zao. Wewe, unayelala ubavuni kwangu, unampelekea yule! Ulimtania na yeye? Alikuuliza ndani kuna nini?"

Niliinuka niende juu. "Kaa," alisema Ishbel bila kunitazama, "asije akasema baadaye kwamba hakusema."

Murdo aliketi kwenye kiti changu cha pembeni. Alianza kusema akiutazama mguu wa meza. Kule Glasgow, akitoka makaburini, alisimama stesheni kungoja treni. Kundi la wanawake waliokuwa wakimsindikiza bibi harusi wao kwenye sherehe lilimzunguka. Wakauliza lile swali, naye akawapa jibu la siku zote, maana mdomo umelizoea. Hawakutosheka. Mmoja akaishika kilti kwa nyuma na kuivuta juu mbele ya stesheni nzima, mwingine akiwa na simu tayari. Mkanda ukang'oka.

"Nilikuwa nimetoka kumfukia Angus," alisema. "Na nikacheka nao. Unaelewa? Nikacheka nao, huku nimeishikilia nguo kwa mikono miwili mpaka hapa. Jioni ile nikashuka stesheni yetu ya hapa, duka la kwanza ni la Greer. Sikutaka uuone mkanda na uniulize."

Viazi vilikuwa vimepoa. Ishbel aliikunjua kilti mapajani, akapitisha kidole juu ya ile mishono minne.

"Imeshonwa vizuri," alisema hatimaye. "Mbwa yule. Imekaza kuliko yangu."

Kisha akachukua mkasi mdogo akafumua yote, mmoja mmoja. Alivaa subana kidoleni, akapaka uzi nta, akamwambia mumewe asimame ili apime, ingawa vipimo vyake anavijua kwa moyo. Nilipopanda juu bado alikuwa amepiga magoti mbele yake, pini mdomoni, akimfokea asitikisike, naye Murdo akisema jambo lililomfanya ateme pini kwa kicheko.

Jumamosi iliyofuata feri ilileta wanawake watatu wenye makoti ya mvua. Picha, mzee? Pigeni. Swali likaja, Murdo akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza nikaona halitoki jibu lolote. Mmoja alikuwa tayari anainama, mkono kwenye ukingo wa kilti, akicheka.

"Toa mkono," alisema Ishbel.

Alisimama, akanipa chipsi zake. Mwanamke yule akanyooka haraka na kumnyooshea simu, labda kwa mazoea ya watalii. Ishbel hakuipokea.

"Niliyeishona ni mimi. Mnataka picha, zungukeni nyuma, kazi iko huko. Murdo, geuka."

Murdo akageuka, akaitazama bahari. Ishbel akasimama kando yake, mkono kiunoni mwa mumewe, palepale juu ya ule mkanda, na wageni wakapiga picha ya migongo miwili.

Walipoondoka, mmoja wao alirudi nyuma na kumwambia Murdo kwamba ana miguu mizuri.

"Ishbel," alisema Murdo, "umesikia?"

"Nimesikia," alisema, akimtazama yule mwanamke mpaka alipopotea kwenye kona ya hoteli. "Kaa chini." Kisha akanigeukia mimi. "Umezihifadhi chipsi zangu, wewe mtoto, au umewapa shakwe?"