Kijana Aliyechelewa Kuposa

Nakumbuka alasiri moja ya msimu wa karafuu, mwanangu, nilipowaita wanawake wa nusu ya mtaa wetu wa Madungu, kule Pemba, waje kusikiliza kitabu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa sijakifungua.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Vita vya Wazungu vilikuwa vimeifanya sukari adimu, na vitabu ndiyo usiseme. Binamu yangu wa Unguja akaniletea riwaya ya mapenzi ya vijana. Jaladani palikuwa na msichana na mvulana wanaotazamana kana kwamba hawana wazazi. Nilikitangaza kisimani, kwenye chuo cha Kurani na harusini: "Ngojeni mkisikie!" Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nami nilikitembeza wiki nzima.

Sasa ujue jambo moja. Karafuu zikishuka mtini huchambuliwa siku ileile, kila kishada kikatenganishwa na makonyo, vile vijiti vyake. Zikilala rundoni huvunda, na jua la kesho haliziponyi. Majirani huja kusaidia, nao huchagua nyumba yenye mazungumzo matamu. Siku hiyo bibi yangu alikuwa na rundo lililomfika kiunoni, na mazungumzo ya nyumba yetu yalikuwa ndiyo mimi. Walikuja wengi, hata waliokwisha kuahidi kwenda kwingine, wakalizunguka jamvi.

Nikasafisha koo. Ukurasa wa kwanza, kijana alimwona msichana akashusha pumzi. Wa pili, mwezi. Wa kumi, mwezi tena.

"Keshaposa?" aliuliza Bi Kombo, jirani yetu, mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi.

"Bado. Anamuwaza."

"Haya, na amuwaze. Miye nna subira."

Nikasoma, nikasoma. "Na sasa?"

"Analia, Bi Kombo. Kaegemea mti."

"Mti gani? Kama mkarafuu, mwambie apande achume!"

"Kijana mzima hana mama, hana shangazi wa kumtuma?" akadakia mwingine. "Huyo hapendi. Huyo anaumwa."

Walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha kuagana. Mmoja akakumbuka chungu chake jikoni, mwingine akaanza kujikung'uta kanga. Rundo halijachambuliwa hata nusu, na jua limeshainama. Nikasoma mbiombio, kana kwamba mwezi ule ukisomwa haraka utapata utamu. Bibi akanitazama tu, na yako macho, mwanangu, yanayochapa kuliko fimbo.

"Funga," akasema. "Chungu hukionji, unaita watu! Haya, kitabu kimeshindwa. Na weye je, huna mdomo? Waulize hawa waliposwa vipi."

Nikafunga. Bi Kombo alikuwa keshafika mlangoni.

"Bi Kombo," nikasema, "angekuwa mwanao kijana huyu, ungefanyaje?"

Akageuka. "Kwanza ningemwosha uso." Akarudi, akakaa, akachukua kishada. "Kisha ningemtuma dada yangu na sinia ya visheti."

Basi hapo ndipo hadithi ilipoanza. Posa ya kwanza ya kijana wetu ikakataliwa, kwani baba gani anakubali mara moja, watu watasemaje? Ikaenda ya pili. Bi Time, mke wa mshona kofia, akatueleza jinsi mumewe alivyokuja kwao na kanzu ya kuazima iliyomkomea magotini, naye Bi Time akamchungulia dirishani akasema, huyu huyu. Wanawake walibishana mahari ya msichana hadi nikadhani watapigana. Ndimi zilikwenda na mikono ikazifuata. Adhana ya isha ilipolia, msichana wa jaladani alikuwa keshaolewa kijijini Kengeja, na jamvini hapakuwa na kishada hata kimoja: karafuu upande huu, makonyo upande ule.

Riwaya niliimaliza baadaye, peke yangu. Mwishoni kijana anashusha pumzi. Miaka mingi mbele, chuo kikuu, nilifundishwa kuhakiki vitabu kwa maneno marefu, na mwalimu wangu akalalamika kuwa insha zangu zina mwezi mwingi na kisa kidogo. Sikushangaa.

Mwanangu, usimsifie mtu chakula usichokionja. Na kitabu kikikuangusha, usikitupe kwa hasira wala usijilazimishe kukipenda kwa kuwa ulikwisha kukitangaza. Kifunge, umuulize aliye karibu nawe yeye mambo yake yalikwendaje. Mapenzi ya majaladani hutazamana. Ya majumbani hubeba visheti, huazima kanzu, hukataliwa, na hurudi tena. Wala usikidharau kitabu kile kibovu, maana bila hicho nisingemsikia Bi Time. Pemba hata makonyo hatuyatupi, yana mnunuzi wake.

Mola akujaalie vitabu vitamu kuliko majalada yake, na vikikosa, akupe majirani wenye ndimi. Na siku yako ya kupenda ikifika, akuletee mtu asiyeshinda akitazama mwezi, mwenye shangazi wa kumtuma. Amin.