Baada ya Matangazo ya Vifo

Mtu akiniambia kwamba mafuriko yale yalitangazwa redioni, damu inanichemka mpaka leo. Yalitangazwa, ndiyo. Yalitangazwa wakati Kano nzima ilikuwa imeshazima redio.

Anayetoka kwetu hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza. Miaka ile ya tisini, katika vijiji vya uwanda wa Kano, nje kidogo ya Kisumu, redio haikuwa kitu cha kuchezea. Ilitumia betri, na betri zilianikwa juani kama omena, wale dagaa wa ziwani, ili zisukume siku chache zaidi. Iliwashwa jioni kwa jambo moja: matangazo ya vifo kwa Dholuo, lugha yetu. Watu walinyamaza, hata watoto, kila mmoja akasikiliza nani amekufa na atazikwa wapi, maana kukosa mazishi ya mtu wenu ni aibu isiyofutika. Jina la mwisho likishasomwa, baba yangu alinyoosha mkono akazima. Hakungoja hata muziki. Jirani naye alizima, na wa ng'ambo ya mtaro naye. Jambo hili lilijulikana kwa kila mtoto, kila padri na kila muuza betri.

Mimi wakati huo nilikuwa nimepanga mtaa wa Migosi, Kisumu, nikifundisha jiografia katika shule moja ya sekondari mjini. Nilifundisha tsunami kwa watoto ambao bahari wameiona kwenye kalenda. Niliwaambia kwamba wanasayansi hawawezi kusema tetemeko litatokea lini. Hilo bado limewashinda. Lakini likishatokea chini ya bahari, mitambo inalinasa mara moja, na kwa kuwa wimbi lazima lisafiri ndipo lifike pwani ya mbali, unapatikana muda wa kuwaonya watu wakimbie. Muda huo wa katikati, nilisema, ndio sayansi inaoweza kutupa. Kisha nikawaletea mfano wa nyumbani. Mvua ikinyesha sana kwenye milima ya Nandi, mto Nyando haufuriki Kano papo hapo. Kuna watu wanaopima mvua kule juu, kuna nguzo zenye alama zilizosimikwa mtoni, na anayesoma nguzo ya juu anaweza kukadiria maji yatafika chini lini. Nilifundisha haya kwa majivuno. Niliyaamini.

Asubuhi ya mafuriko nilikuwa stendi nikitafuta gari la kwenda nyumbani, na magari yote yalikuwa yanarudi kwa sababu barabara ilikuwa imezama. Jirani yangu wa Migosi, karani mwenye stima ndani ya nyumba na redio inayonguruma kutwa, akanikuta pale.

"Lakini mwalimu, si walisema jana kwa redio? Baada ya ile ya vifo, wakaweka wimbo, halafu wakasema watu ya Kano wahame."

Nilimwangalia kama niliyepigwa kofi. Kumbe walioonywa ni sisi wa Migosi, ambako maji ya Nyando hayajawahi kufika.

Baba yangu alikufa maji. Aliamka akakuta maji yameshaingia ndani, akampandisha mama juu ya ghala la mahindi, akarudi kuwafungua maksai wake. Maksai walionekana hai kwenye tuta la barabara. Baba tulimpata maji yalipopungua, katika shamba la mpunga la mtu mwingine. Nasema wazi hivi kwa sababu wapo waliosema baadaye kwamba wananchi walikuwa wakaidi.

Wiki chache baada ya kumzika, mtaalamu mmoja wa utabiri wa mafuriko aliletwa kutoka Nairobi, na baraza likafanyika kwenye shule ya msingi iliyokuwa bado inanuka tope. Alikuwa kijana nadhifu, mpole pia, na upole huo ndio ulionichoma zaidi. Akatundika chati ubaoni. Mstari mmoja ulionyesha walivyotabiri, wa pili ulionyesha maji yalivyokuja kweli, na mistari ile ilikuwa karibu kulaliana. Alisema utabiri wao haujawahi kuwa sahihi namna ile. Chifu akapiga makofi, na baadhi ya watu wakapiga naye.

Mama aliinua mkono. Alitumia Kiswahili, kwa heshima ya mgeni.

"Baba, hiyo maji, mlijua lini?"

"Asubuhi, mama. Asubuhi ya siku iliyotangulia tulikuwa tumeshajua."

"Asubuhi."

"Ndiyo, mama. Na jioni tukatangaza kwa redio."

Hapo nikasimama, wala sikungoja chifu aniruhusu. Nilimwuliza walikuwa wapi tangu asubuhi hadi jioni. Akasema walikuwa wanangoja mkubwa wao aidhinishe tangazo. Nikamwuliza kwa nini basi lilisomwa baada ya vifo, si kabla. Akasema vifo vina wasikilizaji wengi kuliko kipindi chochote, ndiyo maana waliomba liwekwe karibu navyo. Karibu! Watu waliopima mvua ya milima, mwendo wa mto na maji ambayo udongo mweusi wa Kano unaweza kunywa, hakuna hata mmoja wao aliyemwuliza mwanamke yeyote sokoni redio inazimwa lini. Nilipaza sauti. Nilisema maneno ambayo mwalimu hasemi mbele ya wazazi wa wanafunzi.

"Madam, kaa chini," chifu akaniambia. "Tuko na mgeni."

Sikukaa. Nilipogeuka nimtafute mama, alikuwa ameshatoka, nikamfuata hadi njiani. Tangu mazishi alikuwa akisema ni mpango wa Mungu, na kweli maneno hayo yalikuwa yakimpatia usingizi. Tulitembea kwenye tope mpaka karibu na nyumbani. Kisha akasema kwa Dholuo, bila kunitazama, "Mungu nilikuwa nimeshamsamehe. Kumbe hakuwa yeye."