Msalaba wa Darubini ya Harlan

Lorna Haugen aliingia kiwandani Denver akiwa msichana, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvuta uzi kutoka kwa buibui hai. Kwa uzi huo walitengeneza msalaba mwembamba ndani ya darubini za bunduki, ule ambao mwindaji humwekea kulungu kifuani kabla ya kufyatua. Miaka thelathini baadaye, hapa kwetu Montana, alikuwa na duka lake la kutengeneza darubini kuukuu, na mdomo usiopumzika. Mimi nilipanga chumba cha nyuma, kwa hiyo nayajua yote mawili.

Vuli moja Delmar Voss alileta bunduki ya marehemu kaka yake, Harlan. Darubini yake ilikuwa imeingia ukungu.

"Toa ukungu tu, Bi Lorna. Skrubu usiziguse."

"Utanifundisha kazi, wewe uliyemkosa kulungu aliyelala?"

Alipoisafisha na kuchungulia, aliona msalaba umekaa chini kushoto. Darubini za zamani ndivyo zilivyo: ukizungusha skrubu, msalaba wenyewe unahama. Za siku hizi hubaki katikati daima, na Lorna alishazizoea hizo. Mikono ikamwasha. Akauweka katikati sawasawa, akajisifu mpaka kahawa ikapoa.

Delmar alipokuja kuichukua, alichungulia, kisha akaketi juu ya kreti.

"Kule pembeni ndiko Harlan alikouacha msalaba. Ndicho kitu cha mwisho alichokigusa."

Lorna aliweka kitambaa chake mezani. Nilimwonea huruma kweli.

"Nimekosa," alisema. "Risasi zake unazo?"

"Zimebaki kumi na moja."

"Twende."

Tulikwenda kwenye machimbo ya changarawe, tukasimamisha ubao. Risasi ya kwanza ilipiga chini kushoto. Lorna akazungusha skrubu kidogo, Delmar akapiga tena. Wakaendelea hivyo. Ya saba ikatua katikati ya ubao.

"Haya, chungulia."

Delmar alichungulia kwa muda mrefu. Msalaba ulikuwa umerudi chini kushoto.

"Aliyetoboa matundu ya kufungia darubini alitoboa kombo," Lorna alisema. "Yeyote atakayeirekebisha bunduki hii ilenge sawasawa atauacha msalaba hapo hapo."

"Alitoboa Harlan mwenyewe. Mezani kwa mama, kwa keekee ya kuazima."

"Basi bado yumo humu. Hata mimi na kiherehere changu nimeshindwa kumtoa."

Delmar alicheka huku machozi yakimtoka, akazitia mfukoni risasi nne zilizobaki.