Mpiga Kinanda wa Sinema Kongwe

Kabla ya kugusa kinanda chake cha mabomba, mpiga kinanda wa sinema kongwe mjini Toledo huvua viatu, akapasha vidole moto kwapani, kisha akakisalimu kwa sauti yake ya kukwaruza: "Haya, mzee, umeamkaje?" Jumamosi ya onyesho la kwanza baada ya matengenezo, ukumbi ukiwa umejaa watu, alikisalimu mara mbili. Paa lilikuwa limevuja na kuozesha ngozi za mivukuto inayosukuma hewa mabombani, naye alikuwa amezibandika upya kipupwe kizima kwa mikono iliyovimba viungo.

"Kikigoma je, bibie?" akanong'ona Orville, bawabu.

"Nitaimba mimi, na wewe utakuwa wa kwanza kukimbia."

Akabonyeza. Kimya. Watu wakakohoa. Halafu pumzi ikapanda mabombani, sauti nzito ikatikisa viti, na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Yeye hakugeuka, aliendelea kupiga, akifuta machozi kwa bega.